Mwonja Nguo

Asubuhi ile Mfumi alikuwa akifuma kicheko cha marehemu. Mikono yake kumi na sita ya chuma ilipishana juu ya kitambaa cheupe bila kugongana hata mara moja. Kando yake, kwenye kiti kikubwa cha kulalia, Mzee Sekiete, mstaafu wa reli, alikuwa amefumba macho, kichwani kavishwa utaji wa kusomea. Machozi yalimtoka, lakini mdomo ulikuwa unatabasamu. Alikuwa akimkumbuka mkewe siku alipojikwaa na sinia la maandazi mbele ya wakwe wote, akaketi palepale sakafuni na kuangua kicheko. Kadiri mzee alivyozidi kumkumbuka, ndivyo kanzu yake ilivyozidi kurefuka.

Huenda msomaji hajafika Tanga siku hizi, kwa hiyo afadhali aelezwe. Mkonge, uleule uliokuwa ukisokotwa kamba na kufumwa magunia, ulikuwa umepata kazi mpya. Maabara za mji zilikuwa zimeufundisha uzi wake kushika kumbukumbu. Utaji hunasa umeme mwepesi wa ubongo mtu anapokumbuka jambo, Mfumi huupitisha kwenye uzi-hisi, na uzi huo ukishafumwa hulala hadi ukutane na joto la mwili. Anayeigusa nguo kwa kiganja huona kidogo tu, kama mtu anayechungulia kwenye pazia. Anayeivaa huona yote, husikia yote, hata harufu huipata. Watu walivaa nyumba walizozaliwa, walivaa bibi zao, na wapo waliovaa wachumba waliowakimbia. Hao shauri yao.

Mtambo hufuma tu. Kubuni ni kazi ya mtu, na katika mji mzima hakuna aliyembishia Mwajabu Shemdoe kwa kubuni. Yeye ndiye aliyekaa na mteja na kumsikiliza mpaka mwisho, kisha akaamua jambo gani likae wapi. Kilio alikiweka chini kwenye upindo, mbali na moyo. Kicheko alikiweka mabegani. Jina la mpendwa alilificha kwenye kola, ili mvaaji alisikie kila anapogeuza shingo. Kanzu ya Mzee Sekiete aliipa mikono mipana kuliko kawaida, kwa sababu mzee alisema mkewe alikuwa akicheka huku amepunga mikono.

Nguo ilipokamilika, Mwajabu alifanya jambo ambalo wabunifu wenzake walikuwa wameliacha zamani. Aliingia nyuma ya pazia akaivaa ile kanzu yeye kwanza. Alisimama humo dakika tano, akimcheka mke wa mtu na maandazi yake, akitafuta kasoro: uzi uliokatika, sauti inayokwaruza, sura iliyoparaganyika. Aliporidhika akaivua, akaikunja, akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili.

Kazini waliliita kuonja. Alikuwa amejifunza kwa mama yake, fundi wa cherehani ya miguu kwenye kibaraza cha Ngamiani, ambaye hakuwahi kutoa gauni la mtu kabla ya kulijaribu mwilini mwake. "Kama kuna sindano nimeisahau humu," mama alikuwa akisema, "inichome mimi, isimchome mwenye nguo." Mwajabu aliyakumbuka maneno hayo kila siku ya Mungu, pamoja na harufu ya mafuta ya cherehani na jua la saa nne likimpiga mama begani.

Chama cha Wafumaji hakikukataza kuonja, ila kilitaka kila aonjaye ajisuuze siku hiyohiyo. Kujisuuza ni kuuvaa utaji kinyume, ukavuta masalio ya kumbukumbu ya mteja kabla hayajatulia kichwani. Yakishatulia, hayana tena mwenyewe. Kazi hiyo huchukua saa mbili na humwacha mtu na kichwa kizito mpaka kesho yake, na miezi ya harusi Mwajabu alionja hata nguo tatu kwa siku. Angejisuuza saa ngapi? Miaka ya mwanzo alijitahidi. Baadaye akaruka siku mbili tatu, mwisho akaacha kabisa. Chambuso, mtu mzima mwenzake aliyekuwa fundi wa mitambo hapo kazini, alipomkumbusha, alimjibu kwa kicheko.

"Fundi, mie nashindwa kujua langu na la mtu?"

Alikuwa ameshaonja nguo elfu na ushei.

*

Mwezi mmoja kabla ya harusi yake, Siwema alipanda hadi karakana ya mama yake, ghorofa ya arobaini, akiwa bado na sare ya kazi, mikono imejaa grisi. Alikuwa fundi wa magari ya waya, yale yanayopanda milima ya Usambara kila robo saa, na ndiye mtoto pekee wa Mwajabu.

"Mama, nimeshajua nitavaa nini," alisema hata kabla ya kuketi. "Nataka kumvaa baba."

Mwajabu aliuweka mkasi mezani.

Mhina, mumewe, alifariki kwa homa ya mapafu Siwema akiwa na miezi minane. Picha zake zote zilipotea mwaka ule ghala la picha la mji lilipojifuta asubuhi moja, na kwa kuwa watu walikuwa wameacha kuchapa picha kwenye karatasi, familia nyingi zilijikuta hazina sura ya mtu yeyote aliyekwishakufa. Marafiki zake walitawanyika, wazazi wake walimfuata kaburini. Waliobaki wakimjua kwa karibu ni wawili tu, mkewe na dada yake, Mboza, aliyeishi Mlalo, juu milimani. Na siku ya hitima Mwajabu alimwomba Mboza jambo moja. "Wifi, nakusihi usimtaje mbele ya mtoto. Nitamsimulia mwenyewe akikua." Mboza akaahidi.

Siwema alikua, lakini hakusimuliwa. Haikuwa roho mbaya. Mwajabu alijua, kama anavyojua kila mtu wa kazi ile, kwamba kumbukumbu ni kama kitambaa: kila unapoikumbuka unaifua, na kila ukiifua rangi hupungua. Hakutaka Mhina wake achujuke. Alimkunja akamweka, na mtoto alipouliza aliambiwa asubiri kwanza akue. Mtoto naye akazoea kutouliza.

"Sasa nimekua," alisema Siwema. "Na sitaki hadithi, mama. Nataka nimsikie. Wenzangu wote wanashikwa mkono na baba zao siku hiyo. Mie ataniozesha kadhi, haya, sina neno. Lakini baba yangu awepo mwilini mwangu. Nifanyie hilo tu, zawadi nyingine sitaki."

Mwajabu alilia, na hakuona haya kulia mbele ya mwanawe. Akamshika mikono ileile yenye grisi, akamwambia alikuwa ameisubiri siku hiyo miaka ishirini na tatu.

*

Hakuhangaika kuchagua jambo la kufuma. Lilikuwepo moja, lilikuja lenyewe kila alipomfikiria Mhina. Uani, asubuhi, chini ya mpera. Beseni la buluu. Mhina amechuchumaa, kaikunja suruali hadi magotini, anamwogesha mtoto. Mkono wa kushoto umekikinga kisogo cha mtoto, vidole vitano vimetanda kama jani, mkono wa kulia unamwaga maji kidogo kidogo. Anaimba, na anaimba vibaya. Mtoto anataka kulia, baba anainama na kumwambia, "Tunda langu, maji hayaumi." Mtoto ananyamaza.

Safari hii aliyekaa kwenye kiti cha wateja ni Mwajabu mwenyewe. Chambuso alimvisha utaji, Mfumi akainua mikono yake yote, gauni likaanza. Lilikuwa la rangi ya maziwa, refu, na Mwajabu alikuwa amelibuni ili ule mkono wa baba uangukie kwenye kisogo cha Siwema, pale kola inapokutana na nywele. Hakika alikuwa hajawahi kubuni kitu kizuri kama kile.

Katikati ya kazi Chambuso alikohoa.

"Bi Mwajabu. Kipimaubichi kinasoma sabini na nane."

Kipimaubichi ni kisahani kidogo ubavuni mwa Mfumi, kinachoonyesha rangi ya kumbukumbu imebaki kiasi gani. Jambo la jana husoma mia. La utotoni kwa mtu mzima halivuki ishirini.

"Sabini na nane si nzuri?" aliuliza Mwajabu bila kufumbua macho.

"Ni nzuri mno, ndiyo maana nasema. Hiyo ni kumbukumbu ya miaka mitatu, minne. Marehemu kaondoka miaka ishirini na tatu iliyopita. Nilitarajia thelathini, na hapo ningeshukuru."

"Sikuwa namfua, Fundi. Wengine wanakaa kutwa kuwasimulia wafu wao, wanawachosha. Mie wangu nilimtunza."

"Hata nguo iliyokunjwa sandukuni hupauka."

"Chambuso!" Alifumbua macho, na sauti ilikuwa kali. "Unataka kuniambia simjui mume wangu?"

Chambuso alikuwa amefanya kazi na mama huyu miaka kumi na sita na alijua pale ambapo hakuambilika.

"Mimi nasoma tu kinachoandikwa," alisema mwishowe, akarudi kwenye kisahani chake.

Jioni gauni lilikamilika. Likatundikwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi Mwajabu hakuonja. Aonje nini, na jambo ni lake mwenyewe? Aliligusa tu begani kwa kidole, akamsikia yule mtu akiimba, akaenda kulala na furaha ambayo hakuwa nayo tangu ujana.

*

Bibi harusi wa kwao hajivishi mwenyewe nguo ya siku yake. Humvisha shangazi, dada wa baba, kwa mikono yake, na siku mbili kabla huja kumjaribisha. Kwa hiyo Mboza aliteremka kutoka Mlalo kwa gari la waya la saa tatu, amejifunga leso mbili, mkononi kikapu cha matunda damu ya milimani na maneno mengi ya kulaumu urefu wa majengo. Alikuwa na miaka sitini na tisa na hakuwahi kuvaa vazi-kumbukizi hata moja. Alisema yaliyomo kichwani mwake yanamtosha, hana haja ya kuyavaa tena mgongoni.

"Haya, liko wapi hilo gauni la kichawi?" aliuliza akicheka. "Wifi, nasikia umemtia kaka yangu kwenye nguo. Angekuwa hai angekimbia."

Siwema alisimama mbele ya kioo. Mboza aliliinua gauni, akampitisha mikono, akamshusha kitambaa mgongoni, akaanza kufunga vifungo vya nyuma, kimoja kimoja. Joto la mwili wa msichana likaziamsha nyuzi. Siwema akavuta pumzi na kushika shingo yake kwa nyuma.

"Mama," alisema. "Mama, ananishika kichwa."

"Ndiye," alisema Mwajabu.

"Anaimba! Mbona anaimba vibaya hivi?" Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Ananiita tunda lake. Jamani, baba. Baba yangu huyu."

Mikono ya Mboza ilikuwa imesimama kwenye kifungo cha nne. Viganja vyote viwili vilikuwa vimelala juu ya kitambaa, na yeye mwenyewe alikuwa anatazama mbele kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni uani. Akavitoa viganja polepole. Akavifuta kwenye leso, ingawa havikuwa na kitu.

"Ni jema sana, mwanangu," alisema. "Baki nalo kidogo. Wifi, hebu nionyeshe maji ya kunywa."

Mwajabu alimpeleka chumba cha pasi, akafunga mlango. Mboza hakutaka maji.

"Yule ni nani?" aliuliza.

"Yupi?"

"Yule bwana mle ndani ya nguo. Anayemwogesha mtoto."

"Wifi, usinitanie. Miaka mingi imepita lakini si ya kumsahau kaka yako."

"Sijamsahau. Ndiyo maana nakuuliza." Mboza aliinua mkono wake wa kushoto, akakunja kidole cha mwisho na kile kinachofuata, vikabaki vitatu. "Kaka yangu alikuwa hivi. Mashine ya kuchambua mkonge ilimkata vidole viwili akiwa na miaka kumi na tisa, kabla hajakuoa. Ulimkuta hana, ulimzika hana. Yule bwana mle ndani ana mkono mzima. Na Mhina hakuimba. Alipiga mbinja. Angeimba nini, na kigugumizi alichokuwa nacho?"

Mwajabu alifungua mdomo kubisha. Aliingia kichwani mwake kumtafuta mumewe mwenye vidole vitatu, aje amwonyeshe wifi yake kwamba anamjua. Akamkuta bwana wa beseni. Akampita, akatafuta nyuma yake, siku ya posa, siku ya ndoa, siku ya homa. Siku ya posa alimwona mwanamume mrefu akishuka kwenye boti. Siku ya ndoa alimwona mwingine, mfupi, mwenye ndevu. Siku ya homa hakukuwa na mtu kitandani, palikuwa na shuka tu.

"Mungu wangu," alisema. Akajishika kwenye meza ya pasi. "Mboza, sina. Sina hata mmoja."

*

Upande wa pili wa karakana palikuwa na ukuta wa vipande. Kila vazi lililofumwa pale liliacha kipande chake cha upana wa kiganja, kikatundikwa ukutani na jina la mwenyewe. Wateja waliupenda sana ule ukuta, walipiga nao picha. Mwajabu aliuendea, akaanza kuvigusa vipande vya miaka mitatu iliyopita, kimoja baada ya kingine, na Mboza na Chambuso wakasimama nyuma yake. Chambuso alikuwa ameshaelewa. Alikuwa ameelewa tangu ile sabini na nane, ila hakuwa na moyo wa kuendelea kusema.

Alichokuwa akikitafuta kilikuwa kipande cha rangi ya kahawia, cha Bi Sanura wa Pangani, mjane wa mwalimu. Alikigusa, na chini ya kiganja chake ukachanua mpera, likatokea beseni la buluu, na mwalimu wa watu akamwambia mwanawe kwamba maji hayaumi.

Sasa alikumbuka. Alikumbuka jinsi Bi Sanura alivyolia kwenye kiti, na jinsi yeye mwenyewe alivyolivaa lile gauni nyuma ya pazia. Hakulivaa dakika tano. Alikaa nalo nusu saa, kwa sababu lilikuwa tamu, na siku hiyo hakujisuuza. Katika nusu saa ile mume wa Bi Sanura aliingia akakaa kwenye nafasi iliyokuwa imekunjwa na kuwekwa bila kuguswa. Aliikuta karibu tupu, maana wengine walikuwa wameshapita humo kabla yake wakibeba kila mmoja chake. Mwajabu alikuwa amemficha Mhina hata kwake mwenyewe, ndiyo maana hakujua ni lini alitoka.

Aliendelea kugusa. Kipande cha kijani kilimpa safari yake ya kwanza ya boti, na ilikuwa ya mtu mwingine. Kipande cha zambarau kilimpa usiku wa uchungu wa kuzaa, ule aliokuwa akiwasimulia wenzake kila wakikutana. Ulikuwa wa daktari mmoja wa Muheza. Chini yake palikuwa na kipande cheupe kilichochakaa, cha mteja wa miaka mingi nyuma, mama mmoja aliyetaka vazi la marehemu mama yake akiwa kwenye cherehani.

Mkono wa Mwajabu ulisimama hewani. Alisikia harufu ya mafuta ya cherehani, akaliona jua la saa nne kwenye bega. Aliurudisha mkono, akauficha kwenye mfuko wa joho. Kile hakukigusa.

"Hayatoki tena, Fundi?" aliuliza bila kugeuka.

"Yakishatulia, hapana," alijibu Chambuso. "Nikikuvuta sasa nitayatoa yote, Bi Mwajabu. Hutabaki na kitu cha kukufanya ujue hata njia ya nyumbani."

Kutoka chumba cha kioo sauti ya Siwema ilisikika, akiimba vibaya wimbo aliojifunza dakika chache tu zilizopita.

Mboza alimsogelea wifi yake. "Mimi nilishazoea kunyamaza," alisema kwa sauti ya chini. "Miaka ishirini na tatu nimenyamaza kwa ajili yako. Ukitaka nitanyamaza tena. Harusi keshokutwa, mtoto ana furaha. Nani atajua?"

Mwajabu alilifikiria hilo, na asisingiziwe kwamba hakulifikiria. Alisikiliza wimbo hadi ulipoishia. Akawaza kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa ametoa nguo bila kuivaa yeye, na sindano imemchoma mwanawe.

"Fundi," alisema, "yeye ni leo tu. Anaweza kusuuzwa?"

"Kabla ya jua kuzama, anaweza."

*

Mwajabu alimwambia mwanawe kwa maneno machache, amesimama mlangoni, maana aliona hastahili kuketi. Siwema alimsikiliza akiwa ameushika upindo wa gauni kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga.

"Kwa hiyo huyu ni mume wa mtu," alisema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Ana watoto wake."

"Ndiyo."

"Na yule mtoto wa kwenye beseni si mimi."

Mboza ndiye aliyejibu. "Si wewe, mwanangu."

"Na baba yangu? Mama, wewe unaye wapi?"

"Sinaye," alisema Mwajabu. "Nilikuwa naye nikampoteza, na sijui ni siku gani. Nisamehe, Siwema. Nilidhani namtunza."

Siwema alijitazama kwenye kioo. Kwenye kisogo chake mkono wa mwalimu wa Pangani ulikuwa bado umemkinga, wenye joto, vidole vitano. Alifumba macho.

"Nipeni dakika tano," alisema. "Halafu mnitoe."

Walimpa. Walisimama wote watatu nje ya mlango kama watu wanaongoja maiti itolewe. Zilipokwisha alitoka akiwa amejifunga leso ya shangazi yake, gauni amelibeba mkononi. Akamkabidhi Chambuso, akaenda kukaa kwenye kiti mwenyewe. Utaji ulivishwa kinyume. Ulivuma kwa saa mbili, na Mwajabu alizihesabu zote kwa macho, amemshika mwanawe mguu.

Alipofunguliwa, Siwema alipepesa macho. Akajipapasa mashavu, akayakuta yana chumvi iliyokauka.

"Mbona nimelia?" aliuliza. "Mama, nilikuwa nalia nini?"

Mboza alivuta stuli, akaiweka katikati, akaketi. Akamvutia msichana kwake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamwashiria wifi yake naye akae.

"Kaeni hapa," alisema. "Wote wawili. Ahadi yangu imekwisha leo."

Akaanza. Aliwaambia Mhina alikuwa mwembamba, sikio moja kubwa kuliko jingine, na kwamba mvua ikinyesha alivua viatu akavibeba ili visilowe, akalowa yeye. Alikuwa hali vitunguu. Alishika kikombe kwa vidole vitatu na hakuwahi kukiangusha. Siwema alipozaliwa aliogopa kumbeba kwa sababu ya mkono ule, wakamlazimisha, na akishambeba hakumshusha hadi adhuhuri. Aliposhindwa na neno kwa kigugumizi, alilimalizia kwa mbinja, na mtoto alikuwa akigeuza kichwa akiisikia.

"Na baba yako alimpataje mama yako?" Mboza alisema. "Wewe, kila Ijumaa alimpelekea pale kibarazani uzi wa kushonea kiraka kwenye suruali ileile. Uzi mwekundu, suruali ya kijivu. Mama yako akimwambia rangi siyo, anarudi Ijumaa nyingine na uzi wa njano. Suruali ikafika viraka saba. Sote tulijua, ila yeye alidhani ana akili."

Siwema alicheka, kwa kichwa chake kizito. Mwajabu naye alicheka, akamgeukia Mboza kutaka aendelee, na hapo akagundua kwamba anacheka kama Siwema anavyocheka, kama mtu anayesimuliwa habari za watu wasiomhusu. Yule msichana wa kwenye kibaraza, aliyekuwa akirudisha uzi wa rangi mbaya, hakumjua. Alijaribu kuzishika zile Ijumaa. Hazikuwepo. Alikuwa akizisikia kwa mara ya kwanza.

"Wifi," alisema.

"Naam."

"Kigugumizi kilipomwachia, alipokuwa na mimi tu ndani, alikuwa akiniita nani?"

Mboza akauinamisha uso kwenye mikono yake.

"Hilo, wifi," alisema, "mlikuwa mnalijua nyinyi wawili."